Farasi Wako Walikwenda Wapi? Jibu kwa anayepigwa na mikuki ya Macedon

SWALI: Nacheza Rome: Total War, ile ya 2004, upande wa ukoo wa Kirumi wa Brutii. Nimevusha jeshi hadi Ugiriki lakini nimekwama mbele ya mji wa Corinth. Mara tatu nimekutana na Macedon uwanjani nikiwa na askari wengi kuliko wao, na mara tatu nimepigwa. Mara ya mwisho nilikuwa na watu 1,300, wao 900. Wapanda farasi wangu hufa mapema, halafu Hastati, askari wangu wa miguu wenye panga, wanachomwa na ile mikuki mirefu bila kumfikia mtu. Nikiiachia kompyuta iamue matokeo, napoteza zaidi. Na sasa hela imeanza kukatika, miji mingi inaonyesha namba nyekundu. Nakosea wapi? Au gemu inawapendelea wao?

JIBU: Ndugu yangu, nianze na swali lako la mwisho maana ndilo jepesi. Kama umeweka ugumu wa vita kwenye ngazi mbili za juu, basi ndiyo, gemu inawapendelea. Askari wa kompyuta huongezewa nguvu za kupiga ambazo wa kwako hawapewi. Shusha hadi ngazi ya kati ili mwe sawa kwa sawa, na ugumu wa kampeni uache ulivyo, kwa sababu hivyo ni vitu viwili na kila kimoja kinachaguliwa peke yake. Ila usitarajie hilo likuokoe. Jibu lako umeliandika mwenyewe: "wapanda farasi wangu hufa mapema." Mtu ambaye farasi wake wamekufa mapema hana cha kumalizia vita, na katika gemu hii askari wa miguu hawamalizi vita. Kazi yao ni kuvishikilia.

Wengi wetu tulipoanza tulidhani gemu inahesabu maiti. Hapana, inahesabu ari. Kila kikosi kina ari yake inayopanda na kushuka kila sekunde. Kupoteza watu wengi kwa mkupuo huishusha. Kupigwa ubavuni huishusha, na kupigwa mgongoni huishusha zaidi. Uchovu nao una sehemu yake, vivyo hivyo mishale ya moto, kikosi jirani kutimua mbio na jemadari kuanguka. Ukisogeza kipanya juu ya kikosi utaona maandishi madogo yanayokuambia kama watu wale wana hamu ya kupigana, wametikisika au wameanza kuyumba. Bendera yao ikianza kumeta nyeupe, wamebakiza kusukumwa kidogo tu. Ndiyo maana kikosi cha watu 120 kilichopoteza 25 kinaweza kukimbia, na kingine kilichobakiwa na 15 kikasimama imara. Tofauti iko kwenye kilichotokea nyuma yao. Wanaokimbia ndio wanaokufa kwa wingi. Nakuhakikishia kwamba katika yale mapambano matatu, wengi wa watu wako walikufa wameshawapa adui migongo.

Kwa hiyo lengo lako ni kuwatisha wengi kwa wakati mmoja, na hakuna kinachotisha kama farasi wanaokuja mbio nyuma ya mtu ambaye tayari ana upanga mbele yake. Wanajeshi huiita nyundo na fuawe. Fuawe ni askari wa miguu wanaoshikilia, nyundo ni wapanda farasi. Mbinu hii umeisikia, bila shaka umeijaribu pia. Kinachowashinda watu ni saa ya kuitumia. Wewe unaipiga nyundo kabla chuma hakijakaa juu ya fuawe.

Nikupe mifano miwili ya kweli, kwa kuwa waliotengeneza gemu hii waliijenga juu ya vita hizohizo. Wa kwanza ni Cannae, mwaka 216 KK. Kila mtu anamsifia Hannibal, jemadari wa Carthage aliyepigana na Roma, kwa ile safu ya katikati iliyorudi nyuma taratibu hadi Warumi wakajikuta ndani ya mfuko. Ni haki yake. Lakini mimi namtazama zaidi Hasdrubal, si yule ndugu yake Hannibal bali ofisa mwingine mwenye jina hilo, aliyeongoza farasi wa upande wa kushoto. Aliwavunja farasi wa Kirumi waliokuwa mbele yake kando ya mto Aufidus, na hakuendelea kuwafukuza. Akazunguka nyuma ya jeshi lote la Roma hadi upande wa pili, ambako Wanumidia, wapanda farasi wepesi wa upande wa Hannibal, walikuwa wakiwasumbua wapanda farasi wa washirika wa Roma. Washirika wale walipomwona anakuja, wakakimbia kabla hajawagusa. Kazi ya kufukuza akawaachia Wanumidia, yeye akageuza farasi na kupiga mgongo wa askari wa miguu. Alishinda pembeni, akarudi katikati.

Wa pili ni Antiochus wa Tatu, mfalme wa Waseleuki. Mwaka 217 KK, pale Raphia, aliongoza mwenyewe farasi wa upande wa kulia, akauvunja ubavu wa Ptolemaio wa Nne, mfalme wa Misri, akawafukuza mbali kwa furaha zote. Mmoja wa maofisa wake wazee ndiye aliyemwonyesha vumbi: lilikuwa likitoka kwenye falanksi yake, yaani kile kikosi cha watu walioshikamana na mikuki mirefu, na kuelekea kambini kwake. Alipogeuka, katikati kulikuwa kumeshavunjika. Miaka 27 baadaye, pale Magnesia, mfalme yuleyule alifanya jambo lilelile dhidi ya Warumi. Alishinda upande wake, akafukuza hadi kambi ya Kirumi, na huku nyuma upande wa pili wa jeshi lake ukabomolewa na Eumenes wa Pergamon, mshirika wa Warumi. Tembo waliokuwa ndani ya falanksi wakapagawa na kuivuruga. Hata mimi nimekuwa Antiochus mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Nilikuwa na jemadari kijana, mrithi wa ukoo, niliyemtuma amalizie farasi watatu waliokuwa wanakimbia. Niliporudisha kamera katikati ya uwanja sikuwa na safu tena.

Sasa falanksi. Sarisa, ule mkuki wa Kimacedonia, ulifika urefu wa takribani mita 6, na ncha za safu tano za kwanza zote zilitokeza mbele ya mtu wa mbele. Polybius, mwanahistoria aliyeishi zama zilezile, anaeleza kwamba kila Mrumi alijikuta akikabili ncha kumi peke yake. Gemu imelichukua hilo vizuri kabisa: ukiwapeleka Hastati uso kwa uso, haijalishi ni wangapi. Wengi wao watasubiri nyuma huku wa mbele wakichomwa. Hapo ndipo watu wako 1,300 walipogeuka kuwa watu 80 wanaopigana na wengine 1,220 wanaotazama.

Lakini ukuta ule una udhaifu wake. Hauna mwendo. Kugeuka unageuka kwa shida, na ukigeuka nusu, mikuki inaelekea huku na huku na hakuna mstari tena. Ngao ziko mkono wa kushoto, hivyo chochote kinachorushwa kutoka kulia kwao au nyuma hakikutani na ngao. Na anayekaribiwa sana ubavuni analazimika kuacha mkuki na kuchomoa upanga, ambao kwa askari wa kuokoteza wa Macedon ni silaha ya kubahatisha.

Hilo lilionekana Cynoscephalae mwaka 197 KK. Upande wa kulia wa Filipo wa Tano, mfalme wa Macedon, uliteremka mlima na kuwasukuma Warumi vibaya. Upande wake wa kushoto ulikuwa bado unapanda na haujajipanga, jemadari wa Kirumi Flamininus akaupiga na kuuvunja. Kisha ofisa mmoja wa Kirumi, ambaye hata jina lake halikuandikwa, akachukua manipuli (vikosi vidogo vya miguu) 20 kutoka upande uliokuwa unashinda, akazigeuza, akaja nyuma ya falanksi iliyokuwa inateremka. Ikawa imekwisha. Wamacedonia wakainua mikuki yao juu, ishara yao ya kusalimu amri, na Warumi wasiojua maana yake wakaendelea kuua.

Basi tulipange jeshi lako. Kadi ni 20, kila kadi ni kikosi kimoja. Ningechukua jemadari, Hastati 8, Triarii (askari wa mikuki) 2, Velites (warusha mikuki wepesi) 2, wapiga mishale wa Crete 2 na Equites (wapanda farasi) 5. Hao wa Crete ni mamluki, wanapatikana hapohapo Ugiriki, na bei yao itakuuma, lakini nunua. Ukiona mtu anakushauri Hastati 15 ili uwe na "safu nzito", mwache.

Uwanjani, weka Hastati wanne katikati. Buruta kipanya kwa kitufe cha kulia ili safu iwe pana na nyembamba. Wawashie ruhusa ya kurusha wenyewe, wawashie na hali ya kujilinda, kisha usiwaguse. Kila Hastati anabeba mikuki ya kurusha, na mchezaji mwenye haraka huwaamuru washambulie wakimbilie panga kabla hawajairusha. Mwache adui aje. Yeye ndiye anayetembea polepole, yeye ndiye anayechoka, na mikuki yako itamkuta njiani. Hastati wanne waliobaki wagawe wawili kushoto na wawili kulia, hatua kadhaa nyuma ya mstari. Triarii mmoja kila mwisho. Farasi watatu nyuma ya Triarii wa kulia, wawili nyuma ya wa kushoto, jemadari katikati nyuma kabisa ambako kazi yake ya kwanza ni kubaki hai.

Macedon watakuja na kitu ambacho umekidharau: wapanda farasi wepesi wenye mikuki mirefu. Wakikugonga kwa mbio ni hatari, wakisimama ni dhaifu. Equites wako walikufa mapema kwa sababu uliwapeleka kukutana nao ana kwa ana, mbio kwa mbio, na pengine wakaishia juu ya ncha za falanksi. Safari hii Equites wasiende kokote. Waache farasi wa Macedon waje kwenye ubavu wako, wakutane na Triarii waliosimama na mikuki. Wakishanasa, ndipo Equites watoke nyuma na kuwapiga kwa pembeni. Wazo hili si langu. Mwaka 48 KK pale Pharsalus, Julius Caesar alikuwa na wapanda farasi 1,000 mbele ya 7,000 wa mpinzani wake Pompey, akaficha kohorti (vikosi) sita za miguu nyuma ya farasi wake. Farasi wa Pompey walipodhani wameshapita, wakakutana na chuma. Ubavu wao ulivunjika, na vita navyo.

Farasi wa Macedon wakikimbia, shika pumzi. Hapa ndipo Antiochus anapokunong'oneza. Mwachie Equites mmoja tu kazi ya kufukuza. Wanne waliobaki warudishe, wazungushe mbali, mbali kuliko unavyodhani inahitajika, hadi wawe nyuma kabisa ya mstari wa adui. Tumia kitufe cha kusimamisha mchezo. Gemu inakuruhusu kutoa amri vita vikiwa vimesimama, na hakuna anayekuhesabia aibu.

Wakati huo katikati mikuki imekaribia. Kabla haijagusana na Hastati wako, warudishe nyuma kwa kutembea. Kabla, si baada, maana anayerudi nyuma akiwa ameshakutana na adui anachomwa mgongoni. Falanksi itaendelea kuja, na ukitazama kwa juu utaona mstari wao umeanza kupinda: mmoja ametangulia, mwingine kabaki, kuna uwazi kati yao. Sasa chagua falanksi ya mwisho kabisa upande wa kulia kwako. Hastati wako wawili wa akiba waizunguke wailenge ubavuni. Itaanza kugeuka kuwaelekea. Ikigeuka, ubavu wake mwingine unawaangalia Hastati wako wa katikati, na nafasi kama hiyo haidumu. Mmoja wao aingie. Velites wapite nyuma ya falanksi hiyo warushe mikuki migongoni, na uwazimie ile tabia ya kukwepa, vinginevyo watakuwa wanakimbia kila kivuli kinaposogea.

Jihadhari na jambo moja hapo. Wapiga mishale wako wakiwa nyuma ya Hastati wako na kulenga kikosi kilichokwisha kushikamana nao, mishale mingi itaishia kwenye migongo ya watu wako. Wahamishe lengo. Wapige falanksi ambayo bado inatembea.

Kisha nyundo. Chagua falanksi iliyoshikwa mbele, hakikisha inaangalia upande mwingine, bofya mara mbili ili farasi waende mbio. Wape umbali wa kutosha wa kushika kasi. Farasi aliyeanza karibu mno anafika akitembea, na pigo lake linakuwa la mtu wa kawaida aliyekaa juu ya mnyama. Pigo zito liko kwenye sekunde za kwanza za kugongana. Hesabu hadi kumi. Kama hawajavunjika, waondoe farasi, rudi nyuma, piga tena. Usiwaache wamesimama katikati ya watu wenye mikuki wakipigana kwa upanga, na hili nalo nadhani ulilifanya. Na kama njiani falanksi ile imeshageuka kukutazama, futa amri. Hakuna ujasiri katika kupanda ncha kumi.

Falanksi ya kwanza ikivunjika, usiishangilie. Nenda ya pili yake. Sasa ya pili ina jirani anayekimbia, ina Hastati ubavuni, ina farasi wanaozunguka nyuma. Mara nyingi ya tatu hukimbia bila kuguswa sana. Hicho ndicho ulichokuwa unafanyiwa wewe mara zote tatu, ila kwa mikuki.

Kuna mtego mmoja ambao walioipenda sana Cannae huanguka ndani yake. Usiwafungie adui pande zote. Kikosi ambacho hakina pa kukimbilia huamua kupigana hadi mtu wa mwisho, na hapo hesabu ya ari inakufa: waliokuwa wamebakiza kusukumwa kidogo wanageuka kuwa watu 40 wanaokuulia 60. Hannibal alikuwa na sababu zake za kutaka kuua jeshi zima. Wewe unataka Corinth na unataka jeshi lako liwe bado lipo kesho yake. Acha pengo, wakimbie kupitia hapo, kisha farasi wako wapya au wasiochoka sana wawafuate wakiwa wametawanyika. Kufukuza kunaruhusiwa sasa, kwa kuwa katikati kumekwisha.

Jemadari wao pia. Kompyuta ina tabia ya kumtanguliza vitani mapema kuliko inavyopaswa. Ukimwona anakuja, mpokee kwa Triarii, mzungushie Hastati, na hata wapiga mishale wamgeukie. Akianguka, jeshi lake lote linasikia.

Kuhusu mji wenyewe sitasema mengi, maana ukishawapiga uwanjani Corinth itakuwa imebaki na walinzi wachache. Ila usiingie kupitia lango moja ambalo nyuma yake kuna falanksi imejaza barabara. Barabara nyembamba haina ubavu, na kule ndani falanksi ni mfalme. Tuma jasusi mapema, mara nyingine hufungua lango usiku na kukuokolea zamu nzima za kujenga vifaa. Vinginevyo bomoa sehemu mbili zilizo mbali, ingia upande mmoja kwa kelele, na upande wa pili uje nyuma yao. Wakirudi kwenye uwanja wa katikati ya mji hawatakimbia tena, kwa hiyo pale tumia mishale na mikuki ya kurusha hadi iishe ndipo upeleke watu. Njia ninayoipenda zaidi ni ya mvivu: zingira, kaa, subiri chakula chao kiishe. Zamu ya mwisho hutoka nje wenyewe, tena kwa foleni kupitia lango, na falanksi iliyo kwenye foleni si falanksi. Kaa tu mbali na minara.

Hiyo ya kuiachia kompyuta iamue, iache kwa waasi na majambazi. Inalinganisha nguvu za kwenye kadi, haijui kama ungezunguka nyuma. Jeshi la Kirumi la mwanzo likipimwa hivyo dhidi ya mikuki ya Macedon litaumia tu.

Hela sasa. Zile namba nyekundu zinawatisha wengi bure. Gemu inachukua gharama ya kulisha majeshi yako yote na kuigawa kwa miji kulingana na wingi wa watu, hivyo mji mkubwa unaweza kuonekana unakula hasara wakati ndio unaokulisha. Usitazame mji mmoja mmoja, fungua ukurasa wa hesabu za ukoo mzima. Kama jumla yenyewe ni hasi, mtuhumiwa wa kwanza ni meli. Ulivusha jeshi kwa meli, ukaziacha zinaelea, na kila zamu zinalipwa. Bakiza zinazohitajika, nyingine zivunje. Mtuhumiwa wa pili ni Hastati wanaokaa mijini kama walinzi. Utulivu wa mji unategemea idadi ya vichwa, si ubora wao, kwa hiyo weka askari wa bei ndogo ndani na wazuri wapeleke mbele. Jenga bandari kabla ya kambi kubwa, Ugiriki yote ni bahari. Brutii mna mahekalu ya mungu Mercury yanayoongeza biashara, koo nyingine za Kirumi, Julii na Scipii, hawana, na nashangaa watu wanavyoyaacha wakajenga ya Mars, mungu wa vita. Na mwanadiplomasia mmoja anayezunguka kuomba haki za biashara hurudisha gharama yake haraka.

Ukishamaliza Ugiriki utakutana na mambo mengine mashariki, na mbinu hii itahitaji kugeuzwa. Waparthia hawakai wapigwe nyundo. Jemadari wa Kirumi Crassus alipoingia Carrhae mwaka 53 KK, aliwapanga watu wake katika mraba, na Surena, jemadari wa Waparthia, akawa na ngamia waliobeba mishale ya akiba, hivyo ile subira ya "mishale itaisha tu" ikawaua maelfu. Kwenye gemu dawa yake ni wapiga mishale wa miguu, wengi, maana anayerusha akiwa amesimama chini hulenga vizuri kuliko aliye juu ya farasi, na kikosi chake kina watu wengi zaidi. Tembo nao, wapige kwa mishale ya moto na mikuki ya kurusha kabla hawajafika, na usisimamishe safu nene mbele yao. Hayo tutayazungumza ukifika.

Kwa sasa fanya hivi kabla hujarudi kwenye kampeni. Ingia kwenye vita vya kujipangia, chagua uwanja tambarare, jipe lile jeshi la kadi 20 nililolitaja, mpe Macedon falanksi sita za askari wa kuokoteza, wapanda farasi wepesi vikosi viwili, wapiganaji wepesi wa kurusha mikuki kikosi kimoja na jemadari. Cheza mara tano. Mara ya kwanza na ya pili, jiwekee sharti moja tu: Equites wasiguse falanksi yoyote hadi farasi wote wa Macedon wawe wamekimbia. Hata ukipigwa, lishike. Mara ya tatu ongeza la pili: farasi wasikae ndani ya mapambano zaidi ya hesabu ya kumi. Mara mbili za mwisho cheza unavyotaka, kisha niandikie Equites walibaki wangapi kwenye kila pambano. Hiyo namba ndiyo nitaiangalia kwanza, kabla hata ya kuuliza nani alishinda.